Eti, Wakanda iko wilaya gani?

Nimepotea kidogo, najua. Tulikuwa na majaribio mawili ndani ya wiki moja, halafu bumu limeingia na limetoka, mnajua wenyewe linavyoingia na linavyotoka. Leo nilitaka niandike habari za likizo yangu kule nyumbani Ngujini, lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili, na nisipolitoa sitasoma.

Jambo lenyewe ni samaki.

Msicheke kwanza. Jumapili usiku kwenye kundi letu la darasa mtu alirusha picha ya kasamaki kazuri kweli kweli, rangi ya zambarau, magamba yamejipanga kama mnyororo. Chini akaandika: "Jamani Wakanda ipo! Samaki wetu wa Zanzibar kapewa jina la Wakanda, Afrika juuu!" Watu wakamwaga mioyo na ile mikono ya kupishanisha kifuani. Mimi nikaandika maneno mawili tu: "Mimi sijafurahi." Heee! Nikashushiwa mvua ya mawe. Mmoja akasema namwonea samaki wivu. Mwingine akaleta ile ile ya siku zote: "Mpare bwana, atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku."

Sawa. Basi hii ndiyo kesi yangu ya kuku, na ng'ombe nimeshamfungua zizini. Nisikilizeni.

Kwanza ukweli wenyewe, maana wengi mnashabikia picha bila kusoma. Wapiga mbizi wa Akademi ya Sayansi ya California walishuka kwenye matumbawe nje ya pwani ya mashariki ya Zanzibar. Siyo yale matumbawe ya watalii ya kuangalia kwa miwani. Walishuka kwenye ule ukanda wa mwanga hafifu, ambako huendi bila vifaa maalumu vya kupumulia na mafunzo ya kutosha, la sivyo hurudi. Huko, kati ya mita 50 na 80, wakamkuta huyu mdogo wetu. Julai 2019 akatangazwa rasmi kwenye jarida la ZooKeys kwa jina la Cirrhilabrus wakanda. Waliomwandika ni wanne: Yi-Kai Tea, Hudson Pinheiro, Bart Shepherd na Luiz Rocha. Huyo Tea wakati ule alikuwa mwanafunzi tu wa shahada ya uzamivu pale Sydney, yaani mwanafunzi kama mimi na wewe, tofauti ni kwamba yeye alikuwa anasoma.

Cirrhilabrus ndiyo jenasi, yaani jina la ukoo mdogo. Waliianzisha Temminck na Schlegel mwaka 1845, kwa samaki wa Japani. Leo ina spishi zaidi ya 60, zote za Bahari ya Hindi na Pasifiki, vijisamaki vifupi vinavyoishi kwa makundi karibu na matumbawe na kula viumbe vidogo vinavyoelea majini. Karibu wote huanza maisha wakiwa majike, kisha mkubwa mmoja anageuka dume na kuvaa rangi za kutisha. Familia yao ni Labridae. Mtu wa Unguja hata kama hajasikia neno Labridae maisha yake yote, pono anamjua, na siku hizi vipimo vya vinasaba vinaonyesha kwamba hata pono anaangukia ndani ya ukoo huo huo. Kwa hiyo tukisema Cirrhilabrus wakanda ni ndugu wa pono hatujakosea.

Sasa la jina. Wenyewe walieleza sababu, na haki lazima itendeke, sababu ni nzuri. Wakanda ni nchi ya kubuni kwenye filamu ya Black Panther ya mwaka 2018. Ni nchi iliyojificha, dunia haiijui utajiri wake, na haya matumbawe ya chini nayo yamejificha. Magamba yake yamewakumbusha mavazi ya kwenye filamu. Halafu ile zambarau: kwa kawaida samaki akihifadhiwa maabara rangi zinapotea, huyu zambarau yake inabaki. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama nazo zinaruhusu neno la lugha yoyote, hata neno la kutunga. Kwa hiyo sheria haikuvunjwa, mtu hakuibiwa, na wala sisemi wale jamaa ni wabaya. Wamefanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Nitalirudia hilo, linauma.

Lakini sheria kutovunjwa hakumaanishi jambo ni sawa. Mgeni akija nyumbani akakuta mtoto amezaliwa uani, akambeba, akamfuta, akamwita jina la mtu wa kwenye hadithi aliyoiangalia kwenye ndege, hajavunja sheria. Ila bibi atamwangalia kwa jicho lile.

Tazameni jina hilo linasema nini. Wakanda ilibuniwa Marekani mwaka 1966 kwenye kitabu cha katuni, na Stan Lee na Jack Kirby. Mwaka 1966! Tanzania yenyewe ilikuwa na miaka miwili. Hapa kulikuwa na nchi ya kweli, mpya, ina bendera, ina bahari, na kule kuna nchi ya karatasi iliyowekwa mahali fulani Afrika. Halafu kwenye filamu wanaongea Kixhosa, lugha ya kusini kabisa. Sasa samaki wa kweli, wa bahari ya kweli, wa nchi yenye watu wanaovua kila siku, anapewa jina la Afrika ya kwenye sinema. Yaani Afrika halisi ilikuwepo pale pale juu ya maji, iko kwenye ngalawa inatupa nyavu, ikarukwa.

Mtasema, "Ah, ni jina tu." Haya, tuongelee majina.

Mwaka 1867 Playfair, balozi wa Uingereza Zanzibar, mtu wa dola iliyotaka kila kitu kiwe chake, alimwandika kitatange mmoja wa bahari hii hii. Alimwita Chaetodon zanzibarensis. Huyo ni mkoloni mtupu, na aliona Zanzibar inatosha kuwa jina.

Njoo kwetu sasa. Chini ya milima yetu ya Upare Kaskazini, upande wa mashariki, kuna Ziwa Jipe, nusu Mwanga nusu Kenya. Lina perege wake. Mwaka 1955 mama mmoja Mwingereza, Rosemary Lowe, alimwandika: Tilapia jipe. Baadaye wataalamu wakaona perege wa namna hii hawakai vizuri kwenye jenasi ya Tilapia, wakawahamishia Oreochromis. Leo anaitwa Oreochromis jipe. Hapa ndipo nawaomba wale wa biolojia mtulie kidogo. Jenasi imebadilika, jina la pili halikubadilika. Ndiyo kanuni: spishi unaweza kuihamisha nyumba hii kwenda ile, lakini jina lake la pili inabeba mgongoni (wakati mwingine herufi za mwisho tu zinarekebishwa). Kwa hiyo hata ikitokea siku Cirrhilabrus ikavunjwa vipande, na jenasi huvunjwa, "wakanda" itabaki. Watu watakuwa wamesahau filamu, wameisahau hata sinema yenyewe ni kitu gani, na samaki wa Zanzibar bado anaitwa hivyo. Mkisema ni jina tu, mjue ni jina la milele.

Na huyo perege wa Jipe yuko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini sana kutoweka. Ziwa linajaa tope na magugu. Akitoweka, angalau jina lake litamwambia mjukuu wangu alikuwa wa wapi. Wa Zanzibar akitoweka, jina litampeleka mjukuu kwenye duka la filamu.

Mnataka wa karibuni zaidi? Mwaka 2010 vyura watatu wa milima ya Upare waliandikwa kwa mara ya kwanza. Mmoja ni Callulina shengena, kutokana na Shengena, kilele chetu cha Upare Kusini. Wenzake wawili wakapewa majina ya watu, sikatai, kila mtaalamu ana deni la kulipa. Lakini kati ya waandishi wanne alikuwemo Wilirk Ngalason wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapo kuna Mtanzania ndani ya chumba wakati jina linatolewa.

Hiyo ndiyo hoja yangu yenyewe: nani yuko chumbani. Kama bado mnabisha, nawaletea shahidi wa mwisho, na huyu anatoka ndani ya jenasi hiyo hiyo.

Kuna samaki wa Maldives anayefanana sana na wa kwetu. Kwa miaka mingi watu walidhani ni Cirrhilabrus rubrisquamis, samaki wa Chagos aliyeandikwa 1983 kutokana na sampuli moja tu, tena kichanga. Hebu fikirini, kumjua dume kwa kumwangalia mtoto! Walipokuja kulinganisha rangi za wakubwa, magamba, miiba ya mapezi na vinasaba, wakakuta hawa ni wawili tofauti. Huyo wa Maldives akaandikwa Machi 2022, kwenye jarida lile lile la ZooKeys, na Tea na Rocha wale wale, lakini safari hii pamoja nao alikuwa Ahmed Najeeb, mtafiti wa taasisi ya bahari ya Maldives. Unajua wakamwita nani? Cirrhilabrus finifenmaa. Ni neno la Kidivehi, lugha ya huko, maana yake waridi, ua la taifa lao, kwa sababu samaki ana rangi ya waridi.

Mmeona? Wataalamu wale wale, jenasi ile ile, bahari ile ile. Miaka mitatu tu katikati. Mwenyeji alipokuwa mezani, samaki alipata jina la nyumbani. Mwenyeji alipokuwa hayupo, alipata jina la sinema. Siwezi kuapa ndani ya kichwa cha mtu kulikuwa na nini, lakini mimi kwa akili zangu za kuungaunga nauona uhusiano.

Sasa pingamizi. Mwenzangu wa chumba ni mtoto wa mvuvi wa Unguja, upande huo huo wa mashariki, na yeye ndiye amenibana kweli. Aliweka kikombe cha chai chini akaniambia: "Ndugu yangu, baba yangu anavua tangu hajaoa. Changu anamjua, tasi anamjua, chewa, puju, kolekole, wote. Huyo samaki wako wa mita 60 hajawahi kumtia machoni. Dema haliendi huko. Sasa ulitaka aitwe nani, wakati sisi wenyewe hatuna jina lake?"

Nilikaa kimya kidogo, nakiri. Ni kweli, Kiswahili hakina jina la mtu ambaye Waswahili hawajakutana naye. Lakini baadaye nikamjibu hivi. Hata Wamaldives sidhani kama walikuwa na neno la kumtofautisha samaki yule na ndugu zake. Walichofanya ni kuchukua neno la nyumbani wakamvika. Jina halihitaji liwe limelala kwenye kamusi likimngoja samaki. Linahitaji mtu mmoja aseme, "Sisi kitu cha rangi hii tunakiita zambarau." Jamani, zambarau! Tunda tunakula njiani mpaka ulimi unabadilika rangi, na rangi ya samaki ndiyo hiyo hiyo. Neno lilikuwa pale, mdomoni kwa kila mtoto wa pwani. Aliyekosekana ni wa kulisema.

Mwenzangu akacheka akasema, "Haya, Mpare, kesi umeshinda, kuku chukua." Nikafurahi. Nikapanda kitandani. Na hapo ndipo usingizi ulipokataa, kwa sababu nilikumbuka kitu ambacho sikuwaambia kwenye kundi, na kwa kweli ndicho kimenifanya niandike.

Mwaka jana nilikwenda TP, shule moja ya milimani huko kwetu. Nilipewa biolojia kidato cha kwanza, mada ya kuainisha viumbe. Mnajua inavyofundishwa: falme, makundi, majina mawili mawili ya Kilatini, watoto wanakariri kama dua. Mimi nikajiona mwalimu wa kisasa, nikawaambia jina la pili wakati mwingine linakueleza kiumbe anatoka wapi. Nikaandika ubaoni zanzibarensis. Nikaandika jipe, darasa likaamka kabisa, mtoto mmoja akasema shangazi yake anauza samaki wa Jipe. Nikanogewa, nikaandika na wakanda, niwafurahishe.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Mpole, huwa haongei. Akasema, "Samahani mwalimu, eti Wakanda iko wilaya gani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Akakaa chini taratibu, hakuuliza tena kitu mpaka naondoka.

Sasa niambieni kosa lake lilikuwa nini. Zanzibarensis ni Zanzibar. Jipe ni Jipe. Nimemfundisha kanuni, ameitumia. Katika darasa lile yeye peke yake ndiye alikuwa anafikiri, na tukamcheka. Jina lile lilimdanganya, na mimi nikamwacha adanganyike halafu nikacheka.

Haijaisha. Wiki mbili baadaye nikatoa jaribio. Swali moja: taja mfano mmoja wa samaki. Kijana yule yule akaandika "perege". Nikampiga mkasi. Mwekundu, mkubwa. Kwa sababu somo ni la Kiingereza, na Kiingereza ndiyo lugha ya sekondari, na mimi nilikuwa naogopa mkaguzi wangu akiliona daftari lile lina vema kwenye neno la Kiswahili. Miezi michache nyuma, akiwa darasa la saba, jibu hilo hilo lingempa alama. Perege hakubadilika. Bwawa la Nyumba ya Mungu liko pale pale. Kilichobadilika ni sare ya shule.

Kwa hiyo wadau, nimepiga kelele kuhusu watu wa California kumnyima samaki jina la kwao, na mimi nimefanya hivyo hivyo kwa kalamu nyekundu, tena kwa mtoto wa jirani. Wale angalau hawakujua Kiswahili. Mimi udhuru wangu nini?

Na ndiyo maana sikubali mnaponiambia ni jambo dogo. Hawa watoto tunaowapiga mikasi kwenye "perege" ndio waliotakiwa kuwa kwenye chumba kile. Mtoto akishajifunza kwamba samaki wa kwao si jibu, na swali lake ni kichekesho, hawezi kwenda kusoma samaki. Atasoma kitu kingine, au hatasoma. Halafu miaka inapita, wageni wanakuja na vifaa vyao, wanazama, wanaibuka na samaki, wanatazama huku na huku, hakuna wa kumuuliza. Wanaita Wakanda. Sisi tunapiga makofi.

Naomba nimalizie kwa ninachokitaka, maana malalamiko bila ombi ni umbea. Sitaki jina libadilishwe. Haliwezi kubadilishwa, kanuni ya kutangulia hairuhusu, na hata lingewezekana nisingeona faida. Nataka mambo matatu.

La kwanza, sisi tunaosoma ualimu tukienda TP, tufundishe kuainisha kwa kuanzia na kilicho kwenye sufuria ya mtoto. Milimani ni perege na kambare, pwani ni changu na pono, Mwanza ni sato na sangara. Mvuvi anayetofautisha tasi na puju kwa kuangalia mapezi anaainisha, sema hajaandika tu. Kilatini kije baada ya hapo, na kitaeleweka haraka zaidi. Na mwanafunzi akiandika perege, tumpe vema, kisha tumfundishe na neno la Kiingereza pembeni. Mkaguzi akiuliza, tumjibu.

La pili, mtafiti mgeni anapokuja kuchukua sampuli, Mtanzania asiwe wa kuendesha boti na kubeba mitungi tu. Awe mwandishi. Maldives ni visiwa vidogo na wameweza.

La tatu ni letu wenyewe. Kwenye darasa letu la watu wa biolojia, wangapi wanafikiria kusoma taksonomia? Niliuliza, nikaambiwa haina hela. Sawa, haina. Ila mjue kila mnapoiacha, kuna kiumbe wa kwenu anangoja jina kwa mtu wa mbali, na atapewa lolote litakalomjia kichwani siku hiyo.

Kijana yule, kama mambo yake yameenda vizuri, sasa yuko kidato cha pili. Likizo ijayo nikipanda Ngujini nitamtafuta. Nitamwambia Wakanda haipo wilaya yoyote, kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko somo langu, na kwamba perege ni samaki. Alama yenyewe siwezi kuirudisha, matokeo yalishapelekwa. Lakini atalisikia kutoka mdomoni kwangu, na mbele ya wenzake kama itawezekana, maana nilimcheka mbele yao.

Haya, kesho saa moja asubuhi nina kipindi na sijafua hata shati. Wanaobisha nawakaribisha, leteni hoja, siyo matusi. Na yule aliyerusha picha kwenye kundi, sina ugomvi na wewe ndugu yangu. Samaki ni mzuri kweli.

Tuko pamoja.